Ukinunua Apatimenti Ikiwa Bado Ramani, Wewe Ndo Benki

Mtu akienda kununua apatimenti kwenye mjengo ambao haujaisha, maswali yake huwa ya mpangaji: jiko likoje, balkoni inatazama wapi, gari mbili zinaingia, tunahamia lini. Ni maswali mazuri tu, ila yanakuja baadaye. Ya kwanza ni ya mkopeshaji, kwa sababu wewe unayetoa hela leo ili upewe nyumba miaka mitatu mbele hujanunua kitu bado, umekopesha. Umemkopesha developa, yaani kampuni inayojenga na kuuza, bila riba, mara nyingi bila dhamana yoyote ya maana, na mambo yakiharibika utajikuta kwenye foleni ya wadai uko nyuma ya benki, nyuma ya watu wa kodi, na sehemu zingine hata nyuma ya aliyepiga plasta. Brosha haikwambii hivi. Brosha ina picha ya bwawa la kuogelea na mtoto anacheka.

Mi kazi yangu ni mahesabu, siyo sheria wala ujenzi, na kwa sababu hiyo ndugu na marafiki wananitumia mikataba yao niwaangalizie "kama iko sawa", kwa kawaida wakiwa wameshalipa arubuni, yaani wananiuliza kama mlango uko wazi wakiwa wameshaingia ndani na kufunga. Mmoja wao ni shemeji yangu, ambaye mjengo wake ulisimama zege likiwa limeshafika juu kabisa ila madirisha bado. Ntamtaja huko mbele maana kesi yake ina vitu ambavyo kwenye makaratasi huvioni.

Tuanze na hela. Developa anayeuza kabla hajajenga ana vyanzo vitatu: hela yake mwenyewe (huwa kidogo kuliko mnavyodhani), mkopo wa benki, na hela zenu nyie wanunuzi. Benki nyingi hazifungui mkopo wa ujenzi mpaka zione asilimia fulani ya fleti imeshauzwa, ndo maana siku ya uzinduzi kuna ile presha ya "bosi zimebaki nne tu kwa bei hii": saini yako inampa dipoziti na wakati huohuo inamfungulia mkopo. Akiwa mtu wa nidhamu, hela ya mjengo A inajenga mjengo A. Akiwa na tamaa, au soko limemlevya, hela ya A inanunua kiwanja cha B, dipoziti za B zinamalizia A, halafu C inazinduliwa haraka haraka ili B ipate kuanza, na muda wote mauzo yakiwa yanapanda hakuna anayeshtuka kwa sababu saiti zote zina kreni na mafundi wanaonekana wapo kazini. Mauzo yakishuka, hata kwa mwaka mmoja tu, kila mjengo unagandia pale ulipofika. Wala hajaiba mtu siku hiyo. Hela ilishaondoka zamani.

China ndo wameona hii kwa ukubwa ambao hakuna mwingine kaona. Kule mnunuzi anaanza kulipa mogeji, yaani mkopo wa nyumba, ya fleti ambayo bado haijajengwa, na hela ya mkopo inaenda kwa developa mapema. Serikali ilipobana ukopaji wa madevelopa mwaka 2020, waliokuwa wanaishi kwa kukopa wakakosa pumzi, na Evergrande, iliyokuwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, ikashindwa kulipa hati fungani zake za nje Desemba 2021, mpaka mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe Januari 2024. Katikati hapo, mwaka 2022, wanunuzi wa mradi mmoja wa Evergrande mjini Jingdezhen waliandika barua ya wazi kwamba ujenzi usipoanza tena wanaacha kulipa mogeji, na ndani ya wiki chache wanunuzi wa miradi zaidi ya 300 nchini humo wakatoa msimamo huohuo. Wengine walihamia hivyohivyo kwenye maghorofa yasiyo na umeme wala maji, mjini Guilin kwa mfano, kwa sababu walikuwa hawana uwezo wa kulipa kodi ya kupanga na mogeji kwa wakati mmoja.

Kitu ambacho watu wengi hawakioni mpaka kiwakute ni hicho: ujenzi ukisimama, deni la benki halisimami. Una mikataba miwili. Mmoja na developa, ambaye ameahidi nyumba. Mwingine na benki, ambayo haijaahidi nyumba kabisa, imeahidi hela, na hela imeshatoa. Kwa hiyo unaweza ukawa unalipa mogeji ya hewa huku unalipa kodi ya unapolala, na ukiacha kulipa jina linalochafuka ni lako.

India nayo ina kesi ya Amrapali, kampuni iliyokuwa inajenga Noida na Greater Noida karibu na Delhi, wanunuzi zaidi ya elfu arobaini wakisubiri fleti miaka nenda rudi. Mahakama ya Juu ya India ikaagiza ukaguzi wa hesabu, wakaguzi wakafuatilia shilingi moja moja (rupia, sawa), na ikaonekana hela za wanunuzi zilichepushwa kwenda kwenye mambo mengine kupitia makampuni ya pembeni. Hukumu ya Julai 2019 ikafuta usajili wa kampuni wa kujenga na kuuza nyumba na kazi ya kumalizia ikapewa shirika la ujenzi la serikali, NBCC. Mimi kama mtu wa mahesabu hukumu ile niliisoma kwa hamu ambayo watu huwa nayo kwenye riwaya. Lakini angalia: wanunuzi walishinda, mahakama ya juu kabisa iko upande wao, na bado ikabidi wasubiri zaidi na hela za kumalizia zitafutwe, kwa sababu ushindi hauchanganyi zege.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila anayenitumia mkataba ni moja: hela yako leo usiku inalala wapi? Kwenye akaunti ya nani, nani anasaini kuitoa, na kwa sharti gani? Nchi mbalimbali zimejibu tofauti na kuzijua kunasaidia hata kama unaponunua wewe sheria haisemi kitu, maana unaweza kuomba kiandikwe kwenye mkataba.

Urusi, baada ya miaka mingi ya wanunuzi kulia, tangu Julai 2019 mfumo wa kawaida ni eskro: hela ya mnunuzi inakaa benki na developa haigusi mpaka mjengo uishe, akitaka kujenga akakope kwa riba yake mwenyewe. Hiyo ndo kinga nene kuliko zote ninazozijua, na gharama yake ni kwamba riba ile inarudi kwenye bei ya fleti. Ufaransa wamechagua njia nyingine, unalipa kwa hatua na sheria imeweka dari: msingi ukiisha hawawezi kuwa wamekutoza zaidi ya asilimia 35, paa likishaziba maji asilimia 70, ujenzi ukikamilika 95, na tano ya mwisho siku ya kukabidhiwa, juu yake kuna dhamana ya benki au bima kwamba developa akianguka mjengo utamaliziwa. India kwa sheria ya 2016 inataka asilimia 70 ya hela za wanunuzi ikae akaunti ya peke yake na itoke kulingana na kazi iliyofanyika, mhandisi, msanifu na mhasibu wote watatu wathibitishe, na developa haruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 10 kabla hamjasaini mkataba wa kusajiliwa. Dubai waliweka sheria ya akaunti ya eskro mwaka 2007, na pale asilimia 5 ya thamani ya akaunti hiyo inashikiliwa mradi ukiisha, mpaka upite mwaka mzima tangu fleti zisajiliwe kwa majina ya wanunuzi, ili developa asikimbie na nyufa zake.

Florida ni mfano wa jinsi kinga inavyoweza kuwa na tundu halali kabisa. Kule dipoziti mpaka asilimia 10 ya bei lazima ikae eskro, lakini inayozidi hapo developa anaruhusiwa kuitumia kujengea, ilimradi mkataba umesema hivyo. Sasa mtu anaambiwa "dipoziti yako iko eskro" anatulia, kumbe amelipa asilimia 40 na thelathini zimeshageuka nondo. Nondo ikikaa kwenye ardhi iliyowekwa rehani, mwenye rehani anakutangulia.

Na Hispania kuna somo ninalolipenda. Tangu 1968 sheria yao ilitaka hela za awali zilindwe kwa dhamana ya benki au bima na ziingie akaunti maalumu. Wakati wa ile bumu ya ujenzi kabla ya 2008 madevelopa wengi hawakufuata, hela zikaingia akaunti za kawaida, benki zikapokea kimya. Mambo yalipobomoka wanunuzi walibaki wanamdai marehemu. Mpaka Desemba 2015 Mahakama ya Juu ikasema benki iliyopokea hela za wanunuzi bila kudai ile dhamana nayo inawajibika. Watu wakarudishiwa hela na benki, siyo na developa! Lakini waliofaidika ni waliokuwa na karatasi: risiti ya kuhamisha hela, jina la akaunti, maelezo ya malipo yanayosema hii ni ya fleti namba fulani. Kwa hiyo usilipe kesh, usilipe kwenye akaunti ya dalali, usilipe kwenye akaunti ya kampuni yenye jina tofauti na lililoko kwenye mkataba hata kama mtu wa mauzo anakwambia "ni sista kampuni yetu hiyo kaka, usiwe na wasi". Mwenye wasi andika barua pepe uulize, jibu likija lihifadhi, lisipokuja umeshajibiwa.

Tarehe sasa. Kwenye tangazo utakuta imeandikwa robo ya mwisho ya mwaka fulani. Kwenye mkataba utakuta neno "inakadiriwa". Kisha chini, aya ya mbali kidogo, developa anaruhusiwa kuongeza miezi sita au kumi na mbili, na zaidi kama kuna "sababu zilizo nje ya uwezo wake", na sababu zenyewe zimeorodheshwa mvua, migomo, upungufu wa vifaa, ucheleweshaji wa vibali, na mwishoni kabisa "au sababu nyingine yoyote". Hiyo "nyingine yoyote" ikiwemo, tarehe haipo. Unachotafuta ni tarehe ya ukomo, ile ambayo ikipita una haki ya kujitoa na kurudishiwa kila senti na riba yake, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ila nayo ina makali pande mbili. New South Wales, Australia, bei zilipopanda sana kuna madevelopa waligundua kwamba wakichelewesha kidogo tu tarehe ya ukomo inapita, wanavunja mikataba, wanarudisha dipoziti, halafu wanauza fleti zilezile kwa bei mpya. Wanunuzi walioamini tangu ikiwa ramani wakatolewa nje mjengo ukiwa unaiva. Bunge la kule mwaka 2015 likabadilisha sheria, developa hawezi kutumia kipengele hicho bila mnunuzi kukubali au Mahakama Kuu kuruhusu. Kwa hiyo ukisoma tarehe ya ukomo soma pia ni nani anaruhusiwa kuitumia. Iwe wewe tu.

Na linganisha adhabu. Wewe ukichelewa awamu moja riba inaanza siku ya nane na wakitaka wanachukua fleti na kubaki na dipoziti. Yeye akichelewa miaka miwili fidia ni kiasi kiduchu kwa mwezi, chenye dari, na "ndo fidia pekee". Nikionaga hivi huwa namwambia mtu akaombe riba iwe ileile pande zote mbili, mara nyingi wanakataa, na jinsi wanavyokataa inakwambia jambo kuhusu jinsi wao wenyewe wanavyoiamini ile tarehe.

Kuchelewa kwenyewe, hata kama mjengo mwishoni unaisha, kuna gharama ambazo hazipo kwenye hesabu ya mtu yeyote siku ya kusaini. Idhini ya mogeji ina muda wake, miezi mitatu, sita, ukiisha unaomba upya kwa riba ya siku hiyo na kwa kipato chako cha siku hiyo. Benki inatuma mthamini mjengo ukiisha, bei za soko zikiwa zimeshuka, inakopesha kwa thamani ya sasa na siyo ya mkataba, pengo unaziba wewe. Mtu amepata mtoto, amehamishwa kazi, ameachana, fleti ya chumba kimoja aliyoitaka akiwa na miaka 27 inakuja akiwa hana kazi nayo. Hilo la mwisho halina kipengele popote. Kule Ontario, Kanada, kuna kipindi ambacho unakabidhiwa funguo ila mjengo bado haujasajiliwa, unahamia na unalipa ada ya kila mwezi kwa developa, na ada hiyo haipunguzi hata senti ya bei ya nyumba. Usajili ukichelewa unaendelea kulipa tu. Ni halali na kipo kwenye mkataba, wengi wanakuja kukijua siku wanapewa funguo.

Haya, sasa kuna kundi lingine, nalo ndo linaniumiza kichwa zaidi: wanaonunua wakijua kabisa mjengo umesimama. Mnunuzi wa kwanza amechoka, anauza nafasi yake kwa asilimia 30 chini, zege limeshapanda lote, "limebaki finishi tu". Neno finishi limewaponza watu. Kwenye ghorofa refu, zege likifika juu macho yanaona kama kazi imeisha, wakati lifti, pampu, umeme, mabomba, mifumo ya moto, vioo vya nje, vyote bado, na hivyo vyote ni hela nyingi na mafundi tofauti ambao hawaanzi bila kulipwa. Bangkok kuna Sathorn Unique, ghorofa 49, lilianza kujengwa 1990, msukosuko wa fedha wa 1997 ukalikuta linakaribia kuisha, likasimama na zaidi ya miaka 25 baadaye lilikuwa bado ni gofu. Los Angeles, Oceanwide Plaza, minara mitatu katikati ya mji, ujenzi ulisimama 2019 hela ilipokauka, na mwaka 2024 likawa maarufu kwa sababu vijana walipanda wakalichora rangi ghorofa baada ya ghorofa. Hayo ni majengo ambayo kwa macho ya mpita njia yalikuwa "karibu kuisha".

(Bora hata shimo. Chicago Spire ilikuwa ipande ghorofa 150, kazi ilianza 2007, hela ikaisha 2008, kilichobaki kwa miaka mingi kilikuwa shimo la duara ardhini. Shimo angalau halimdanganyi mtu.)

Mjengo ukikaa wazi, nondo zinazochomoza zinapata kutu, maji yanajaa chini kwenye maegesho, mabomba yaliyozibwa nusu yanaziba kabisa, vifaa vilivyokwishaletwa vinaibiwa au waranti yake inaishia kwenye boksi. Vibali navyo vina muda, vikiisha unaomba upya na kanuni za moto zinaweza kuwa zimebadilika. Kabla mkandarasi mpya hajakubali kugusa kazi ya mwenzake atataka mhandisi apime kila kitu, na atapandisha bei kwa yale asiyoweza kuyaona. Kwa hiyo ile asilimia 30 ya punguzo unatakiwa uilinganishe na hizo gharama, na ujue zitamfikia nani.

Na kisheria unarithi viatu vya aliyekuuzia. Kama alikuwa na awamu hajalipa, ni zako. Kama alishasaini karatasi ya kusamehe ucheleweshaji, umesamehe na wewe. Kama developa lazima akubali nafasi ihamishwe na hajakubali kwa maandishi, hujanunua kitu, umempa mtu hela. Nenda kwenye ofisi ya usajili wa ardhi wewe mwenyewe au mwanasheria wako, siyo wa muuzaji, uone kiwanja kina rehani kiasi gani, kuna zuio la mahakama, kuna wakandarasi wanadai. Kuruka hapo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ukifika saiti usiende na mtu wa mauzo, nenda siku ya kazi asubuhi ukae pembeni uhesabu watu. Mafundi sita kwenye mjengo wa ghorofa ishirini ni maonyesho. Ongea na mlinzi, uliza mara ya mwisho lori la simenti limeingia lini. Walinzi wanajua kuliko wakurugenzi, hasa wasipolipwa mshahara.

Halafu kuna hali ya katikati ambayo haizungumzwi sana, mjengo umeisha robo, watu wachache wamehamia, developa amechoka. Ireland baada ya 2008 serikali ilihesabu mwaka 2010 ikakuta mitaa ya nyumba isiyoisha zaidi ya 2,800, mingine ina familia zinaishi kati ya mahandaki bila taa za njiani wala mfumo wa majitaka uliokamilika. Kwenye apatimenti ni mbaya zaidi kwa sababu mnategemeana: lifti moja, pampu moja, jenereta moja. Mkiwa kumi kwenye mjengo wa fleti mia, sevisi chaji (ada ya kuendesha mjengo) iliyopigiwa hesabu ya mia inalipwa na kumi, na developa ambaye ndo mwenye zile tisini hailipi. Chama cha wenye nyumba mtakiunda lakini kura nyingi ni zake. Hati za fleti moja moja hazitoki kwa sababu kiwanja kizima kiko rehani kwa mkopo wa ujenzi na benki haiachii mpaka ilipwe, kwa hiyo umemaliza kulipa, unaishi humo, una funguo, na huna hati. Bila hati huwezi kuuza wala kukopea, na developa akifilisika mfilisi anaweza kukuta nyumba yako kwenye orodha ya mali zake. Hapa ndo narudia ile hoja yangu ya ukopeshaji: benki ilipokopesha ilishika ardhi. Wewe ulipokopesha ulishika brosha. Kabla ya kulipa awamu kubwa omba barua ya benki ile inayosema kwamba fleti namba fulani ikilipwa yote itaiachia kutoka kwenye rehani. Inatolewa, ni kitu cha kawaida kabisa, ila hakuna atakayekupa usipoomba.

India mwaka 2018 walibadilisha sheria ya ufilisi wanunuzi wa nyumba wakahesabiwa wadai wa kifedha, wanakaa kwenye kamati pamoja na mabenki na wanapiga kura. Yaani sheria imekubali wazi kwamba hawa watu ni wakopeshaji. Natamani kila mahali wangefanya hivyo.

Ukiwa umeshanasa, cha kwanza watafute wenzako. Shemeji yangu alifanya hilo vizuri, alisimama getini wikiendi na daftari akichukua namba za kila aliyekuja kuangalia mjengo, mpaka wakafika wengi wa kutosha kuchanga mwanasheria mmoja na mhandisi mmoja. Mtu mmoja akipiga simu anaambiwa "mkurugenzi yuko safarini". Wakiandika hamsini wanajibiwa. Ripoti ya mhandisi ndo iliwapa nguvu, maana badala ya kusema mmechelewa, walisema kazi imefika asilimia hii na mmetutoza asilimia ile, tofauti iko wapi.

Usiache kulipa kwa hasira. Kwenye mikataba mingi ukisitisha bila utaratibu wewe ndo unakuwa mvunja mkataba wa kwanza na dipoziti inaliwa kihalali, hata kama yeye amechelewa miaka. Kuna notisi za kutoa, kwa maandishi, kwa siku zilizotajwa, na kuna sehemu hela unaweza kuiweka mahakamani au kwa mwanasheria badala ya kumpa yeye. Hapo lipia ushauri wa mtu wa sheria, kuna mahali pa kubana matumizi ila siyo hapo. Na ukipata nafasi ya kutoka kwa kurudishiwa sehemu ya hela, piga hesabu kwa utulivu: asilimia 80 leo dhidi ya asilimia mia ya mtu ambaye pengine mwakani atakuwa mufilisi. Wahenga walisema bora nusu shari kuliko shari kamili. Ofa ya kuhamishiwa mradi mwingine wa developa huyohuyo mimi naikataa kabla sijamaliza kusikiliza, maana hela iliyopotea A ndo unaifuata B.

Cha mwisho ni zile nyongeza za mkataba. Mjengo wa kina shemeji ulipopitisha tarehe, walitumiwa karatasi mbili nzuri zenye nembo: tarehe mpya ya kukabidhiwa, samahani nyingi, na zawadi ya kutolipa sevisi chaji mwaka wa kwanza. Kwenye ukurasa wa pili, mstari mmoja, mnunuzi anaachilia madai yote yanayotokana na ucheleweshaji mpaka siku ya kusaini. Wengi walisaini siku hiyohiyo, mtu amesubiri muda wote huo akiona tarehe mpya anafurahi. Shemeji alijibu kupitia mwanasheria kwamba tarehe mpya ameipokea, haki zake za nyuma ziko palepale, na zawadi haitaki. Tarehe mpya nayo ikapita. Mafundi wamerudi sasa hivi, madirisha yanapanda, mjengo pengine utaisha, na kwenye meza ya mazungumzo ya fidia waliosaini wanahesabiwa kuanzia ile tarehe ya pili, yeye anahesabiwa kuanzia ya kwanza. Nimempigia hiyo hesabu mwenyewe. Tofauti yake ni kubwa kuliko sevisi chaji ya miaka sita.